Tutege vitendawili Posta, vikopo tuviache

Askari wa shaba aliyesimama kwenye makutano ya barabara ya Samora na mtaa wa Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam, yuko pale tangu 1927, na siku hizi kazi yake kubwa ni kuelekeza watu njia. Mtu humwambia mwenzake wakutane pale kwenye sanamu. Dereva wa bajaji huambiwa akifika kwenye sanamu akate kushoto. Wanaompita askari huyo hawahesabiki. Waliowahi kusimama wakasoma maandishi yaliyo chini ya miguu yake ni wachache mno, wala tusiseme watu hawapendi historia, maana simulizi za mji huu husikilizwa barazani na redioni kwa hamu kubwa. Jicho likizoea kitu huacha kukiona. Hali ni ile ile kwa kanisa la Azania Front, kwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kwa Mtakatifu Albano na kwa Mnara wa Saa: wenyeji wanaweza kukuchorea majengo hayo kwa kumbukumbu, lakini waulize yalijengwa na nani, lini, na kwa nini pale, utaona wanavyotazamana. Upo mchezo unaoweza kuliamsha jicho hilo, mchezo wa kutembea na kusaka kwa msaada wa setelaiti, na maoni yangu ni kwamba Dar es Salaam ingefanya vyema kuukaribisha katikati ya mji. Sharti liwe moja, nalo baadhi ya wapenzi wa mchezo wenyewe hawatalifurahia: pale Posta mtu asifiche kopo wala kijisanduku. Yafichwe maswali.

Mchezo huu, jiokeshingi kama unavyoitwa na wachezaji wake, una umri wa robo karne tu. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotolewa kwa raia, hivyo kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kumpoteza kwa kiasi cha mita mia. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, kosa hilo lilipungua mara kadhaa kwa usiku mmoja. Tarehe 3 ya mwezi huo huo Mmarekani aitwaye Dave Ulmer akaacha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ikiwa na vitabu, programu za kompyuta na hata kopo la maharage, kisha akatangaza kwenye intaneti namba za latitudo na longitudo za mahali ilipo. Kanuni yake ilikuwa fupi: atakayeiona achukue kitu, naye aache kitu. Kutoka ndoo ile moja vimezaliwa vificho zaidi ya milioni tatu duniani kote. Mwenye kuficha hutangaza namba. Msakaji hufuata simu yake hadi mahali penyewe, hupekua, husaini daftari dogo lililomo ndani, kisha hukirudisha kificho pale pale alipokikuta. Vingi ni vyombo vya plastiki, na vile vya mijini vinaweza kuwa vidogo kama ncha ya kidole, vimenaswa kwa sumaku chini ya benchi la bustani.

Kikopo hicho ndicho kinachonitia shaka, na sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Simu hujua ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri kutoka kwenye setelaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu. Mahali palipo wazi hukosea mita tano tu, na mita tano za kichaka cha Oregon unaweza kuzipekua ukamaliza. Lakini ufuko wa Posta wa leo hauko wazi hivyo. Kando ya barabara ya Sokoine yamepanda maghorofa pacha ya PSPF na mnara wa Mamlaka ya Bandari, majengo yenye ghorofa zaidi ya 30, na mawimbi hugonga kwanza vioo na zege hizo kabla ya kuifikia simu. Simu nayo hudhani yametoka mbali zaidi, ikamtupa mwenyewe upande wa pili wa barabara. Matokeo yake ni mtu mzima anayezunguka ukuta wa kanisa, mkono ukipapasa nyuma ya bomba la maji ya mvua, macho yakiangalia kama kuna anayemwona. Mlinzi yeyote mwenye akili timamu atamfuata kumuuliza, naye atakuwa na haki. Mji huu ulipigwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 wakafa, siku ile ile Nairobi ilipopoteza zaidi ya 200. Kifurushi kisicho na mwenyewe, kilichonatishwa mahali pa umma, hakiwezi kuwa mzaha hapa. Hata Uingereza, ambako mchezo huu umezoeleka, mwaka 2011 kijisanduku kimoja kilichofichwa kwenye mji wa Wetherby kiliwaleta wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua, na mtaa ukafungwa kwa ajili ya chombo cha plastiki. Na idara inayosimamia hifadhi za taifa za Marekani, nchi ulikozaliwa mchezo wenyewe, ilikataa mapema vijisanduku kuwekwa ovyo katika maeneo yake.

Kuna na sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 haikutungwa kwa kuwafikiria wasakaji, lakini kuta kongwe inazilinda kutokana na mikono yote, yenye nia njema na yenye nia mbaya. Kuta za Boma la Kale, lililojengwa 1866 na 1867 zama za Sultani Majid bin Said, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu mmoja akiingiza kidole kwenye ufa hadhuru kitu. Wakiwa mia mbili, kila mmoja akiamini kopo limo humo, ufa utakuwa tundu.

Kwa bahati, mchezo wenyewe una aina nyingine isiyohitaji kopo. Wachezaji wana vituo visivyo na chombo, ambapo msakaji hutakiwa kutoa jibu linalopatikana mahali hapo tu, na wana njia za vituo vingi, ambapo jibu la kituo cha kwanza ni namba inayokamilisha latitudo ya kituo cha pili. Katika Uingereza mfululizo mmoja wa aina hiyo umeambatana na makanisa, maelfu yake, mengi yakiwa ya vijijini: msakaji husoma mwaka kwenye ubao au kwenye jiwe, hujumlisha, hutoa, ndipo apate namba ya kumpeleka mbele. Tazama kilichotokea hapo. Ili aendelee, ilibidi asome. Kosa la mita ishirini la GPS halimsumbui tena, kwa kuwa kanisa si kitu cha kupotea machoni kwa mita ishirini. Mlinzi anamwona mtu aliyesimama wazi mbele ya maandishi, anayasoma, kama maandishi yalivyokusudiwa. Na sisi tuliolelewa na vitendawili hatuhitaji kufundishwa upya kwamba swali lililotegwa vizuri hukaa kichwani kuliko jibu lililotolewa bure.

Sasa tuipime hoja kwa njia halisi, maana mchezo mzuri mahali pasipo na kitu ni kupoteza jasho. Njia ninayoifikiria ni ya kilomita tatu hivi. Inaanzia barabara ya Sokoine, mkabala na bandari, ambako Boma la Kale, nyumba ya Atiman na Kanisa la Mtakatifu Yosefu vimekaribiana sana. Kanisa hilo lilijengwa na Wabenediktini wa Kijerumani kwa mtindo wa Kigothi kuanzia 1897, likatabarukiwa 1905. Mwaka huo huo vita ya Maji Maji ilipoanza, Askofu Cassian Spiss, aliyeongoza jimbo lake kutoka hapo hapo Dar es Salaam, aliuawa akiwa safarini kusini pamoja na watawa aliofuatana nao. Kutabarukiwa kwa jengo na mauaji hayo ni vya mwaka mmoja, na kwa kawaida tunavifundisha katika vitabu viwili tofauti: kimoja cha historia ya Kanisa, kingine cha historia ya ukombozi. Msakaji aliyeulizwa swali linalodai tarehe zote mbili hana budi kuviweka pamoja. Hapatakuwa na mhadhiri wa kumwambia afikiri nini. Atabaki na tarehe mbili zilizogongana na kilomita mbili na ushei za kuzitafakari.

Nyumba ya Atiman, iliyo jirani, inahesabiwa miongoni mwa majengo makongwe ya mji, na jina lake lingestahili kituo kizima. Adrian Atiman alitekwa utotoni huko upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha akaja kufanya kazi Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki 1956. Mganga Mwafrika, mtumwa wa zamani, aliyetibu watu mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 60. Hana sanamu ya shaba kwenye makutano yoyote ya mji huu. Ana jina la nyumba tu, na wengi wanaolipita hudhani ni la tajiri fulani wa Kihindi au la kampuni ya meli. Swali moja la kificho lingetosha kumrudisha: mwenye nyumba hii hakuwahi kuwa mwenye nyumba hii, ni nani?

Azania Front, la Walutheri, lilikamilika 1902, na kwa paa lake la vigae vyekundu na mnara unaotazama maji ni jengo ambalo wasafiri wa baharini walilitambua kwa urahisi. Uzuri wake umekwisha kusifiwa vya kutosha. Kwa mchezo wetu faida yake kubwa ni mahali lilipo, kwani ukiliacha ukapanda mtaa wa Azikiwe unafika kwa yule askari kwa dakika chache, na kati ya kanisa na sanamu ndipo hadithi ya mji inapokaza.

Askari huyu hakuwa wa kwanza kusimama pale. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyeletwa 1889 kuvunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Januari ya mwaka huo wapiganaji walikuwa wameivamia misheni ya Wabenediktini ya Pugu, karibu kabisa na Dar es Salaam, wakaua wamisionari na kuwateka wengine. Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Jeshi la Wissmann lilijaa askari Waafrika aliowaandika Misri, wengi wakiwa Wasudani, na wengine aliowatoa upande wa Msumbiji. Kwenye sanamu yake Mjerumani alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika alimtazama huku akifunika kwa bendera simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, ikasimikwa mbele ya chuo kikuu 1922, na huko wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Kwa hiyo yule Mwafrika aliyekuwa chini akitazama juu alipata mrithi aliye juu peke yake, mwenye bunduki mkononi na singe iliyoelekea bandarini. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani haki ilitendeka.

Maandishi yanasema vingine, na hapa ndipo mchezo unapopita ziara ya kawaida. Yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, naye mwenyewe alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee vitani 1915. Yanawakumbuka askari wenyeji pamoja na wapagazi, wale waliobeba chakula na risasi na waliokuwa, kwa maneno ya jiwe hilo, miguu na mikono ya jeshi. Hapo msakaji aulizwe: kati ya mamia ya maelfu ya wapagazi waliochukuliwa na upande wa Waingereza katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, ni majina mangapi yaliyochongwa hapa? Jibu ni sifuri, na sifuri hiyo aiingize katika latitudo ya kituo kinachofuata, vinginevyo hafiki. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya makaburi, iliyotolewa 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia vita ile hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Unaweza kuisoma habari hiyo gazetini ukaisahau kabla chai haijapoa. Kuitafuta namba juu ya jiwe, ukazunguka pande zote nne, usiipate, kisha ukatambua kwamba kutoipata ndilo jibu, ni namna nyingine kabisa ya kujua.

Watakuja wenye kusema kwamba njia hii ni ya kuwapamba wakoloni: makanisa mawili ya Wajerumani, la tatu, Mtakatifu Albano, la Waanglikana, sanamu ya Waingereza, na barabara ambayo Mjerumani aliipa jina la mikakaya, Mwingereza akaendelea nalo, kabla haijaitwa Independence, yaani Uhuru, na hatimaye Samora. Pingamizi hili ni zito, na nusu yake naikubali. Aliyekuwa na fedha na mamlaka ndiye aliyejenga kwa mawe, hivyo ukifuata mawe peke yake utafuata alama za waliotawala. Lakini namba za latitudo na longitudo hazihitaji jiwe. Tofauti na mnara au kibao, kituo cha mchezo kinaweza kuwekwa mahali palipobaki patupu, au palipojengwa kitu kingine juu yake. Sanamu ya Wissmann haipo, na bado ina mahali. Njia yetu ikirudi kwa barabara ya Samora, ikapita Mnara wa Saa uliosimamishwa 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji, ikafika Mnazi Mmoja penye mnara wa Mwenge, haina sababu ya kuishia hapo. Hatua chache mbele ni mtaa uitwao leo Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika ofisi ya chama cha TAA. Misikiti ya mjini nayo iwemo, na mahekalu, kwa maswali yaliyotungwa na waumini wake wenyewe. Atakayeona njia imeelemea upande mmoja aongeze kituo, gharama yake ni swali moja zuri. Jaribu kumwambia mhandisi wa Jiji akuongezee mnara.

Pingamizi la pili ni la wazee wa makanisa, na linastahili kusikilizwa kwa heshima: nyumba ya ibada si uwanja wa michezo. Ni kweli, na ndiyo maana maswali yote ya makanisani yawe ya nje, yanayojibika kutoka njiani au kwenye ua unaoruhusiwa wageni, bila mtu kuvuka kizingiti. Jumapili njia ifungwe, kwa kuwa Azania Front na Mtakatifu Yosefu huwa na ibada moja baada ya nyingine na ua hujaa watu waliokuja kwa shughuli nyingine kabisa. Kanuni za mchezo zenyewe hudai ruhusa ya mwenye mahali kabla kituo hakijatangazwa, na ruhusa hiyo iombwe kwa barua, halmashauri ya kanisa ikae, ibadilishe maneno isiyoyapenda. Ila nadhani hofu yenyewe imepita kiasi. Leo hii mbele ya makanisa hayo watu hupiga picha za harusi, hungoja mabasi, huuziana vocha. Anayesimama kusoma jiwe la msingi ndiye mgeni mwenye adabu kuliko wote.

Wengine watasema ni mchezo wa Wazungu wenye muda na simu za bei mbaya. Kuhusu simu, mawimbi ya GPS hayalipiwi na hayahitaji bando. Ramani inaweza kupakuliwa mapema penye intaneti ya bure, na maswali yakachapwa kwenye karatasi moja kwa ajili ya darasa zima linaloongozwa na simu moja ya mwalimu. Kuhusu ugeni, tujikumbushe kazi ya Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, walizunguka mitaa wakiwa na simu na vifaa vya GPS, wakachora njia, mifereji na nyumba za maeneo yanayofurika, na kabla yao Tandale ilikwisha kuchorwa 2011. Vijana waliotembea na GPS kwenye matope ya Tandale wakihesabu mitaro hawawezi kuambiwa leo kwamba kuitumia kusoma mji wao ni kuiga. Swali la usalama lina ukweli zaidi: simu iliyoshikwa mkononi pembezoni mwa barabara ni halali ya kibaka wa pikipiki. Basi tembeeni kundi, na simu itoke mfukoni mkiwa mmesimama. Mchezo wa maswali unaruhusu hilo, kwani macho yanatakiwa ukutani muda mwingi kuliko kwenye kioo. Msako wa vikopo hauruhusu. Ule humtaka mtu atembee akiutazama mshale hadi hatua ya mwisho. Na kwa kuwa eneo hili limepakana na bandari na ofisi za serikali, jibu lolote lisidai picha. Namba na neno vinatosha.

Lipo na pingamizi la wasomi, kwamba historia haifundishwi kwa kuhesabu madirisha. Hapa sina ubishi hata kidogo. Maswali mengi ya mchezo huu duniani ni ya kipuuzi: ngazi ni ngapi, geti lina rangi gani. Mtu anaweza kuyajibu yote akatoka mjinga kama alivyoingia, na mwenye haraka atayapata kwenye picha za intaneti bila kunyanyuka kitandani. Swali zuri halijibiki kwa kituo kimoja. Linadai usome mawe mawili yasiyoafikiana, au utafute kitu usikikute, au ugeuke uone singe imeelekea wapi na ujiulize kwa nini. Kulitunga ni kazi ngumu kuliko kuficha kopo, na hapo ndipo mpango huu unaweza kufeli. Ukiachiwa kampuni ya matangazo, kila kituo kitaishia mgahawani. Ukiachiwa ofisi moja ya serikali, maswali yatakuwa yale ya mtihani wa darasa la saba, yenye majibu manne na moja ni sahihi.

Kuna anayeniuliza kwa nini basi tusiweke vibao tu, au tusiwaongezee kazi waongoza wageni. Vibao viwekwe, na waongozaji waliopo mjini wanaijua kazi yao. Lakini kibao huzungumzia kitu kimoja kilicho mbele yake, mara nyingi kwa sauti ya mwenye kitu. Kibao cha kanisa hakitakutajia aliyenyongwa Pangani, na cha sanamu hakitakutajia Maji Maji. Mwongozaji huviunganisha, ila huviunganisha yeye, wewe ukimfuata nyuma na kamera. Njia ya maswali humwachia mwenye miguu kazi ya kuunganisha, na humwacha akosee. Aliyeandika namba ya wapagazi vibaya atajikuta amesimama mbele ya duka la vipuri mtaa wa tatu, na itabidi arudi akasome tena.

Kinachobaki ni lugha na watunzi. Kurasa za mchezo huu kwa miji yetu zimezoea kuandikwa Kiingereza, na wasomaji wake ni wapitaji wa wiki moja. Maswali ya njia hii yatungwe kwa Kiswahili kwanza, na anayetaka lugha nyingine afasiriwe baadaye. Meza ya watunzi iwe na mwalimu wa historia wa sekondari, mtu wa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, wazee wawili watatu wa makanisa na wa misikiti ya mjini, na kijana mmoja aliyewahi kuchora ramani kwa miguu. Ofisi haihitajiki, wala mfadhili. Maswali kumi ya kwanza ni kazi ya Jumamosi moja, kabla jua halijawa kali: mmoja asome maandishi kwa sauti, mwingine aandike swali, na wa tatu, ikiwezekana mtu asiyependa historia hata kidogo, apewe karatasi na simu ajaribu kufika Lumumba bila msaada wa yeyote.